Barua ya wazi kwa viongozi wa vyuo vikuu: kazi ya kufundisha ihesabiwe yote, na hesabu yake ionekane

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Vitivo na Wakuu wa Idara,

Waheshimiwa,

Kila muhula unapokaribia, idara za vyuo vikuu hufanya kazi moja ambayo ni nadra kutajwa katika mipango mikakati, ingawa ndiyo inayoamua muhula utakwendaje: kugawana masomo. Hapo ndipo huamuliwa nani atapewa somo la mwaka wa kwanza lenye mamia ya wanafunzi, nani atabaki na somo la hiari alilolizoea, nani atasimamia tasnifu za wale ambao hawajapata msimamizi, na nani ataambiwa kwamba somo la mwenzake aliyekwenda masomoni sasa ni lake. Nawaandikia nikiwa mhadhiri, nikiwa na ombi moja. Naomba mzigo wa kufundisha upimwe kwa kazi yote inayofanyika, badala ya kupimwa kwa saa za kusimama darasani peke yake, na hesabu hiyo iwekwe mahali ambapo kila mwalimu wa idara anaweza kusoma mzigo wake na wa wenzake.

Saa za darasani zinapendwa kwa sababu ni rahisi kuzipata. Zimo kwenye ratiba, zinajumlishwa kwa dakika chache, na mkaguzi akizitaka hupewa siku hiyo hiyo. Lakini tuchukue wahadhiri wawili ambao jedwali la idara linawaonyesha kuwa sawa kabisa, kila mmoja akiwa na saa 6 za mihadhara kwa wiki katika muhula wa wiki 15, yaani saa 90 kwa kila mmoja. Wa kwanza ana masomo mawili ya mwaka wa mwisho yenye wanafunzi 24 kila moja, na ameyafundisha kwa miaka kadhaa. Wa pili ana somo la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 320 na jingine la mwaka wa pili lenye wanafunzi 180, na mojawapo ni jipya kwake. Tuseme kila mwanafunzi anafanya jaribio moja linalosahihishwa kwa dakika 10, insha moja kwa dakika 15 na mtihani wa mwisho kwa dakika 20, viwango ambavyo yeyote aliyewahi kusahihisha insha kwa makini atakubali kuwa ni vya kubana. Usahihishaji wa mhadhiri wa kwanza utamchukua saa 36. Wa pili utamchukua saa 375. Tofauti ya saa 339 ni zaidi ya wiki 8 za kazi, ikiwa wiki ina saa 40, na wiki hizo 8 hazionekani popote katika jedwali linalosema kwamba wawili hawa wamebeba sawa.

Hapo hatujagusa maandalizi. Somo jipya linataka kusomewa, kutafutiwa mifano, kuandikiwa maswali, na mara nyingi kurekebishwa katikati ya muhula baada ya kubainika kwamba wanafunzi hawakuja na msingi uliotarajiwa. Wala hatujagusa barua pepe na ujumbe unaoingia kwenye jukwaa la masomo la mtandaoni usiku na mchana. Wanafunzi 500, kila mmoja akiuliza swali moja tu kwa muhula mzima na kujibiwa kwa dakika 5, ni zaidi ya saa 41 za kuandika majibu. Wanaouliza swali moja tu, kwa uzoefu wa walio wengi, ni wachache.

Kinachoshangaza ni kwamba vyuo vikuu vinajua sana kuhesabu kazi isiyoonekana darasani, mradi ni ya mwanafunzi. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, mwaka mmoja wa masomo ya wakati wote una krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo saa za kusoma peke yake, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Mifumo mingine ya krediti imejengwa kwa mantiki inayofanana na hiyo. Mtaala unaopelekwa kwenye Seneti hurudishwa ukikosa kuonyesha saa za kujisomea. Mtaala huo huo hupitishwa bila kuulizwa ni saa ngapi zitatumika kusahihisha kazi ambazo mwanafunzi ameziandika katika saa hizo zilizohesabiwa kwa uangalifu kiasi hicho. Waheshimiwa, ikiwa insha inahesabiwa kwa anayeiandika, hakuna sababu ya kimantiki ya kutoihesabu kwa anayeisoma.

Ziko nchi ambazo zimejaribu kulitazama jambo hili kwa karibu zaidi. Nchini Ufaransa, kwa amri ya serikali ya mwaka 1984 na marekebisho yake, muda wa kazi wa mhadhiri mtafiti umegawanywa nusu kwa nusu kati ya kufundisha na utafiti, na nusu ya kufundisha ni saa 128 za mihadhara au saa 192 za madarasa ya mazoezi kwa mwaka. Maana yake ni kwamba saa 1 ya mhadhara ina uzito wa saa 1 na nusu ya darasa la mazoezi. Mwaka wa kazi huko ni saa 1,607, kwa hiyo ukigawa nusu yake kwa saa 192 unapata kwamba kila saa ya darasa la mazoezi imebeba ndani yake zaidi kidogo ya saa 4 za kazi: saa yenyewe, maandalizi yake, usahihishaji wake na yote yanayoifuata. Mtu anaweza kubishana na kiwango hicho, na wahadhiri wa huko wanabishana nacho, lakini angalau kuna namba ya kubishana nayo. Uingereza, mkataba wa kitaifa wa vyuo vilivyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1992 na baada yake uliweka ukomo wa saa 18 za kufundisha kwa wiki na saa 550 kwa mwaka. Ujerumani, profesa wa chuo kikuu kwa kawaida hudaiwa saa 8 au 9 za kufundisha kwa wiki, za dakika 45 kila moja, ilhali mwenzake wa chuo cha sayansi tumizi hudaiwa 18, kwa kuwa wa kwanza anategemewa zaidi kufanya utafiti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Marekani. Tamko la mwaka 1969 la chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya nchi hiyo liliweka ukomo wa saa 12 kwa wiki kwa anayefundisha shahada ya kwanza, likasema kwamba saa 9 zingefaa zaidi, kisha likaongeza sharti ambalo majedwali mengi ya leo yamelisahau: masomo tofauti ya kuandaliwa yasizidi 6 kwa mwaka. Walioandika tamko hilo walielewa kwamba kurudia somo moja kwa makundi matatu hakuwezi kuwekwa mizani moja na kuandaa masomo matatu, hata kama saa za ratiba zinalingana.

Siwaombi mnakili mfumo wowote kati ya hiyo. Ukomo wa saa za darasani, ukisimama peke yake, una kasoro ile ile niliyoieleza hapo juu, kwani saa 9 za wanafunzi 30 na saa 9 za wanafunzi 400 zinaandikwa kwa tarakimu moja. UNESCO, katika Pendekezo lake la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, ilitaka mzigo wa kazi uwe wa haki na uwawezeshe walimu kutimiza wajibu wao kwa wanafunzi pamoja na wajibu wao wa kitaaluma na kiutafiti. Haki ya namna hiyo haipimiki kwa safu moja ya namba.

Nafahamu kwamba baadhi ya vyuo vyenu tayari vina mfumo wa kompyuta wa kugawa mizigo, wenye safu nyingi, na kwamba mnaweza kuniambia kuwa ninachoomba kimekwisha kufanyika. Naomba hapa tuende taratibu, maana ndipo penye mgogoro mkubwa kati yenu na sisi. Mfumo huo huwa na viwango: dakika kadhaa kwa karatasi moja ya mtihani, saa kadhaa kwa tasnifu moja, saa kadhaa kwa maandalizi ya kila mhadhara. Mwaka wa kwanza viwango hivyo hujadiliwa na kukubaliwa. Mwaka wa pili wanafunzi wanaongezeka, jumla ya idara inazidi saa zilizopo, na jedwali linawaka rangi nyekundu. Wakati huo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza kazi au kuongeza watu. Ya pili ni kushusha kiwango, dakika 30 za kusahihisha zikageuzwa 20, tasnifu iliyopewa saa 15 ikapewa 10, na rangi nyekundu ikatoweka bila mtu yeyote kupunguziwa hata karatasi moja. Njia ya pili haina gharama katika bajeti, na ndiyo maana huchaguliwa. Baada ya miaka michache ya kupunguza hivyo, jedwali linabaki na umbo la kisayansi, lenye namba hadi nukta mbili za desimali, lakini halielezi tena kazi ya mtu yeyote aliye hai.

Kwa sababu hiyo naomba viwango vya saa visiwe mali ya ofisi ya fedha wala ya kitengo cha mipango. Vipangwe na wanaofanya kazi yenyewe, kwa kila taaluma, kwa sababu kusahihisha mahesabu na kusahihisha insha ya falsafa ni kazi mbili, na kusimamia maabara hakufanani na kuendesha semina. Vipitishwe na Seneti, na vikitaka kubadilishwa virudi huko huko vikiwa na maelezo ya maandishi ya ni nini kimebadilika katika kazi, mbali na idadi ya fedha iliyopo.

Kuna kazi nyingine ambayo haifiki hata kwenye hatua ya kupunjwa, kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Mwanafunzi aliyefiwa anakuja ofisini. Mwingine anataka kuacha masomo. Barua za utambulisho na mapendekezo zinaombwa wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Tasnifu iliyoachwa na msimamizi aliyestaafu inahitaji mtu wa kuisoma upya tangu ukurasa wa kwanza. Kamati ya maadili, kamati ya mitihani, kamati ya kupokea wageni wa ithibati, zote zinataka mjumbe. Kazi hizi haziangukii watu kwa bahati nasibu. Tafiti za Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba wahadhiri wanawake hutumia muda mwingi kuliko wanaume katika kuwashauri wanafunzi na kuitumikia idara, muda ambao ungekwenda kwenye utafiti. Na yeyote aliyekaa katika vikao vya idara anajua kundi jingine: wahadhiri wapya, ambao hawajajifunza kusema hapana na ambao kupandishwa kwao cheo kunategemea machapisho wasiyopata muda wa kuyaandika. Hao ndio hupewa somo kubwa, somo jipya na kamati yenye vikao virefu, kisha baada ya miaka 3 huulizwa makala ziko wapi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sidhani kuna mahali ambapo methali hii ina kazi zaidi kuliko katika kikao cha kugawa masomo. Kila mmoja anaingia akiamini kwa dhati kwamba yeye ndiye aliyelemewa, kwa kuwa anaujua mzigo wake kutoka ndani na wa wenzake anauona kwa mbali. Mkuu wa idara naye, aliyeteuliwa kutoka miongoni mwao na atakayerudi miongoni mwao, anagawa kwa kumbukumbu, kwa huruma, kwa kuogopa wenye sauti kubwa, na wakati mwingine, tuseme ukweli, kwa kulipiza. Simlaumu kila mkuu wa idara. Wengi wao hufanya kazi hii bila chombo chochote zaidi ya orodha ya masomo na siku mbili za kuimaliza, na chuo huwapa punguzo dogo la vipindi ambalo haliwatoshi hata kujibu barua za utawala.

Jedwali lililo wazi ndilo linaloweza kumwokoa yeye kwanza. Likibandikwa kabla ratiba haijafungwa, likionyesha kwa kila mwalimu masomo, idadi ya wanafunzi, somo lipi ni jipya kwake, tasnifu anazosimamia, kamati anazokaa na nyadhifa alizonazo, mabishano mengi yatakwisha na yatakayobaki yatakuwa na kitu cha kushikia. Anayeonekana kuwa na saa chache ataweza kueleza kwa nini, kwa mfano kwamba ana mradi wa utafiti uliolipia muda wake, na maelezo hayo yatajulikana na wote badala ya kuwa siri kati yake na mkuu wa kitivo. Naelewa hofu ya faragha. Mambo ya afya na ya familia yasiandikwe hadharani, na inatosha kuandika kwamba mtu ana punguzo lililoidhinishwa. Lakini idadi ya wanafunzi anaowafundisha mtumishi wa chuo haijawahi kuwa siri yake binafsi.

Athari ya kutohesabu huishia kwenye mitihani, kimyakimya, na hili linanisumbua kuliko uchovu wetu sisi wenyewe. Mhadhiri mwenye wanafunzi 320 hafanyi mgomo. Anachofanya ni kuondoa insha na kuweka maswali ya kuchagua jibu. Majaribio mawili yanakuwa moja. Maoni ya ukurasa mzima yanakuwa alama ya vema na tarakimu. Hakuna kikao kilichoamua kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasifundishwe kuandika hoja ndefu, na hakuna hati ya mtaala iliyobadilishwa, lakini wanafika mwaka wa mwisho na kupewa tasnifu bila kuwahi kusahihishiwa insha kwa makini hata mara moja. Kisha msimamizi wa tasnifu hubeba kazi ambayo ilipaswa kufanywa miaka mitatu nyuma, kwa saa 10 alizobakishiwa na jedwali. Siku hizi, ambapo programu za akili unde zinaweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima, njia ambazo wengi tunazitegemea ni mahojiano ya ana kwa ana, rasimu zinazofuatiliwa hatua kwa hatua na mitihani ya mdomo, na zote hizo zinakula muda zaidi kwa kila mwanafunzi. Vyuo vinatoa miongozo inayotuhimiza kuzitumia, na sijaona mwongozo uliokuja pamoja na saa za kuzitekeleza.

Kuhusu walimu wa muda nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa jambo lao liko wazi. Anayelipwa kwa saa ya mhadhara pekee, huku akitarajiwa kutunga mtihani, kusahihisha na kuingiza alama, anafanya sehemu kubwa ya kazi bila ujira. Alama zake zikichelewa, chuo kijiulize kilizilipia lini.

Wapo wenzangu watakaoipinga barua hii. Watasema kwamba kazi ya akili haipimiki kwa saa, na kwamba tukianza kuhesabu dakika tutageuzwa vibarua wa kusaini daftari. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana sitaki hesabu ya kila mhadhiri kujaza fomu ya kila wiki akieleza alifanya nini kati ya saa 4 na saa 5. Ninachotaka kipimwe ni kile ambacho chuo kinamkabidhi mtu mwanzoni mwa mwaka. Namna atakavyokifanya, na saa atakazochagua, zibaki zake. Watu wale wale wanaosema kazi hii haipimiki wanapimwa tayari, kwa kipimo cha saa za ratiba, na kipimo hicho hakiwatendei haki. Wengine wataipinga kwa sababu nyingine, ambayo haisemwi kwa sauti: mahali ambapo saa za ziada hulipiwa posho, mzigo mzito una faida yake, na wapo wanaoulalamikia mchana na kuulinda usiku. Jedwali la wazi litawagusa na hao, na ni sawa liwaguse.

Kilicho kigumu kuliko vyote ni kitakachofuata jumla ikizidi, kwani jedwali lisilobadilisha kitu litazidi kutukatisha tamaa. Naomba kanuni iandikwe mapema: idara ambayo jumla yake inazidi uwezo wa watu wake iwe na haki ya kuahirisha somo la hiari kwa mwaka huo, au kupewa wasaidizi wa kusahihisha waliofunzwa na wanaolipwa, au kuwawekea walimu waliozidisha saa zao akiba itakayopunguzwa kwenye mzigo wa mwaka unaofuata. Udahili nao uguswe. Kitivo kinapoamua kuongeza wanafunzi 100, hati ya uamuzi huo ionyeshe watafundishwa na nani na karatasi zao zitasomwa na nani, kabla ya barua za kuwapokea kutumwa.

Kwa mwaka wa masomo ujao, tunaomba mambo mawili ambayo hayahitaji fedha mpya. Jedwali la mizigo la kila idara litolewe kwa walimu wote wa idara hiyo angalau wiki 8 kabla ya muhula kuanza, likiwa na idadi ya wanafunzi wa kila somo kwa kadiri inavyokisiwa, na lisahihishwe usajili ukikamilika. Na mwalimu ambaye mzigo wake umezidi ukomo wa chuo apewe jibu la maandishi, lenye saini ya mkuu wa kitivo, linalotaja kazi ipi inaondolewa kwake na inakwenda kwa nani.

Wenu katika utumishi,

Mhadhiri